Mashine ya Adabu

Asubuhi ile mashine ilipoletwa, Mama Mapazia alikuwa amepiga magoti katika studio ya maonyesho, pini mdomoni, akipinda ncha ya chini ya pazia zito la kunyonya mwangwi. Kampuni iliuza kila kitu ambacho redio au televisheni inahitaji ili isikike na ionekane: kamera, maikrofoni, meza za kuchanganyia sauti, minara, taa, nyaya za kila unene, na mapazia. Zamani mapazia yaliagizwa kutoka nje, yanafika yananuka mafuta ya meli na ni mafupi kwa kiganja kizima, mpaka Shangazi wa mapokezi akauliza kwani hapa hakuna watu wanaoshona. Ndipo Mama Mapazia akaitwa. Alikuwa mjane, mpole, mwenye mkono mwepesi, na jina lake halisi pale ofisini walishalisahau.

Mashine ililetwa karakana, jirani na studio hiyo, na Katalogi, muuzaji mkuu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kitabu cha bidhaa kwapani. Wenye maneno yao walisema hata kwenye harusi yake alikwenda nacho. Alikuwa anahema.

"Fundi, nakuomba," alisema. "Hii ni ya kituo kikubwa. Wanaitaka kabla ya kipindi cha mchana. Wananipigia simu kila nikivuta pumzi."

"Kila mtu ana haraka mpaka itokee shoti," alisema fundi. Alikuwa dada wa makamo, miwani kichwani, na kuharakishwa ni kitu ambacho hakukipenda hata chembe. Lakini akaivuta mashine karibu.

Ilikuwa mashine ndogo, ukubwa wa boksi la viatu, na kazi yake haina ugumu. Mtu akipiga simu kwenye kipindi, sauti yake haiendi hewani moja kwa moja; inashikiliwa mle ndani kwa sekunde chache. Mtayarishaji wa kipindi anakaa kidole juu ya kitufe chekundu. Mpigaji akitukana, kitufe kinabonyezwa, tusi linabaki ndani, na msikilizaji aliyeko nyumbani anapewa muziki na "samahani, simu imekatika." Kwenye kitabu cha Katalogi ilikuwa na jina refu la kigeni. Watu wa redio waliiita mashine ya adabu.

Kanuni ya karakana ilikuwa kwamba ukipokea mashine ya adabu, kwanza unatoa betri ndogo inayotunza kumbukumbu, unaiacha mashine ipoe mpaka kesho yake, halafu ndiyo unafungua kifuniko. Kanuni hiyo ilikuja na mwongozo wa kiwandani na hakuna aliyejua sababu yake. Na hii ya kituo kikubwa ilikuwa haijaletwa kufanyiwa matengenezo hata mara moja tangu inunuliwe, jambo ambalo Bosi alikuwa akililalamikia kila kikao. Fundi, Katalogi akiwa amemsimamia kichwani, alifungua kifuniko kwanza.

Maneno yakatoka.

Yalitoka taratibu, yakiwa na moto kiasi, kama mvuke wa sufuria. La kwanza lilikuwa tusi la nguoni, la wiki ileile, kutoka kwa shabiki wa mpira aliyekuwa na hoja kuhusu mama mzazi wa refa. Likasema lililotaka kusema, likapanda hadi kwenye taa, likaelea hapo. Likafuata jingine, la shabiki wa timu ya pili.

Shangazi alichungulia mlangoni. "Jamani, nani anaongea hivyo saa hizi?"

"Ni mashine," alisema fundi.

"Aa." Shangazi akafunga dirisha la upande wa ofisi ya bima ili majirani wasikwazike, kisha akaenda kuchukua chai yake akarudi mbio asije akapitwa.

Kadiri yalivyozidi kutoka, matusi yakapungua. Walikuja watu wanaoongea kwa heshima kabisa. Mwalimu aliuliza madawati ya shule yake yalikwenda wapi. Mama mmoja alisema maji ya bomba mtaani kwao yana rangi na mtoto wake anaumwa. Mzee mmoja alianza na salamu ndefu, akamtakia kila mtu heri, akataja jina la mkubwa fulani, na hapo sauti yake ikakatika.

"Si yote matusi," alisema fundi.

Katalogi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Kituo ndicho kinachojua kinabonyeza lini," alisema. "Sisi tunauza kitufe tu."

Chini kabisa ya mashine, ambako vumbi lilikuwa limegandamana, kulikuwa na sauti moja ya mwisho. Ilitoka kwa shida kidogo, kwa kuwa ilikaa muda mrefu.

"Haloo? Mnanisikia? Mimi ni dereva wa tingatinga kule machimbo ya kokoto. Ule ukuta wa upande wa nyumba umepasuka, ufa unaingia mkono mzima. Nimewaambia wakubwa, wamesema niendelee kuchimba. Sasa nasema hapa: watu wa nyumba za chini, hameni leo. Leo, si kesho. Haya. Na wewe mama, zima hiyo cherehani kidogo unisikie."

Katika studio ya maonyesho, Mama Mapazia alitoa pini mdomoni mojamoja, akazichomeka kwenye ukingo wa pazia zisije zikapotea. Akasimama. Akaja hadi mlango wa karakana, akaegemea fremu.

"Huyo ni mume wangu," alisema.

"Pole, mama," alisema fundi, akamsogezea stuli.

Mama Mapazia hakukaa. Alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye taa, ambako maneno ya mumewe yalikuwa yanaelea na mengine, yakianza kuvutwa na feni. "Kumbe haikuwa cherehani," alisema.

Shangazi ndiye aliyeokoa jahazi. Alikimbia stoo akarudi na chupa ya chai, moja ya zile zilizobaki kwenye zawadi za mwisho wa mwaka, yenye nembo ya kampuni ubavuni. "Kitu cha moto si huwekwa humu?" alisema. Akapanda juu ya stuli, na umri wake wote ule, akaikinga chupa chini ya maneno, akayafunika na kizibo, akakaza.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile ya zamani, kabla ya kutoka kwenda kazini, mume alimwambia mkewe: leo nitapiga simu redioni, usikilize. Mke akaweka redio juu ya meza ya cherehani akaendelea kushona sare za shule, kwa sababu mwenye sare alikuwa anazisubiri. Alisikia salamu, akasikia matangazo, akasikia muziki. Sauti ya mumewe hakuisikia. Kesho yake ukuta wa machimbo ulianguka juu ya nyumba za chini na watu waliokuwamo, na juu ya tingatinga na aliyekuwa akiliendesha. Wenye machimbo waliruka futi mia. Walisema dereva alichimba mahali alipokatazwa na hakumwambia mtu yeyote. Akaangushiwa jumba bovu, naye mwenyewe hayupo wa kujitetea.

Mkewe alisema kwamba mumewe alipiga simu redioni kuonya watu. Lakini kipindi kile kilisikilizwa na mtaa mzima, na mtaa mzima haukusikia kitu. Watu wakaona ni mke anamtetea mumewe, jambo la kawaida, wakamwonea huruma kidogo na kuacha kumsalimia. Binti yake, wakati huo msichana wa shule, alimtetea baba yake kwa muda, kisha akachoka. "Baba hakupiga, mama," alisema. "Tungesikia." Na mama mwenyewe, katika miaka yote iliyofuata, aliamini kwamba mumewe alisikika na ni kelele za cherehani yake zilizomfunika. Kila akishona mshono mrefu aliwaza, pengine ilikuwa hapa. Aliwaza hivyo kila siku ya kazi, na kila siku ilikuwa siku ya kazi.

Alasiri alibeba chupa hadi nyumbani, ameikumbatia. Binti yake, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi duka la dawa, alipoona chupa ya chai mezani alitoa vikombe.

"Rudisha vikombe, mwanangu. Ni baba yako."

Binti alibaki na kikombe kimoja mkononi. Mama alifungua kizibo. Dereva wa tingatinga akauliza kama anasikika, akaeleza habari ya ufa, akawaambia watu wahame leo, akaomba cherehani izimwe. Kisha mama akafunga.

"Alipiga," alisema binti.

"Alipiga."

"Na mimi niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mama ananidanganya." Binti aliketi sakafuni akalia kwa sauti, kilio cha mtu ambaye amekuwa akidaiwa kilio hicho miaka mingi. Alipotulia aliomba kusikia tena. Walifungua tena. Safari hii sauti ilikuwa chini kidogo, ya mtu aliyerudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye simu.

Kesho yake wote wawili walikwenda karakana. Fundi aliweka sikio kwenye chupa, akaigusa kwa kiganja. "Yanapoa," alisema. "Kila mkifungua, yanapoa. Msifungue ovyo."

Mtu atasema, si wangeyarekodi? Walikuwa kwenye jengo lililojaa vinasa sauti, jamani. Hilo ndilo la kwanza walilolifikiria. Katalogi mwenyewe alileta maikrofoni ya bei mbaya, ile inayokaa kwenye kabati la kioo na haiguswi bila glovu. Fundi akafungua chupa kwa muda mfupi sana. Masikio yalisikia, lakini sindano ya kipima sauti ililala palepale ilipokuwa, na waliposikiliza walichorekodi walipata mlio wa feni na Shangazi akinywa chai. Katalogi alifadhaika kuliko wote, kwa sababu maikrofoni ile ilikuwa inasifiwa kwa kunasa hata sauti ya nzi.

"Haya hayakupita kwenye maikrofoni," alisema fundi. "Yalipita kwenye simu, yanakwenda namba ya kituo. Yana mahali yanapokwenda. Huwezi kuyapeleka kwingine." Ili kuhakikisha, waliipigia simu ya Bosi aliyekuwa chumba cha pili, wakaegesha mdomo wa chupa kwenye kipokezi. Bosi alisema anasikia upepo.

"Basi tupige hiyo namba," alisema binti. "Wakati wa kipindi. Mji mzima usikie."

Mama Mapazia alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya kizibo.

"Mama. Watu wanasema baba aliua watu."

"Najua wanachosema. Mimi ndiye ninayeishi nao." Akakaza kizibo. "Yakienda hewani, yatarudi?"

Fundi alishusha miwani machoni. Angependa kumjibu vizuri. "Kinachokwenda hewani hakirudi, mama," alisema.

Bosi alikuwa mtu mwema, na asiseme mtu kwamba hakuwa. Alipoelezwa habari hizi alitoa leso akafuta macho, na akaamuru kwamba Jumamosi mlango wa nyuma uachwe wazi ili kila mwenye maneno yake aje ayachukue. Watu walikuja. Mwalimu alichukua ya kwake kwenye chombo cha chakula. Mama wa maji ya bomba aliyachukua ya kwake akaenda kuyafungulia mlangoni kwa ofisi ya maji, ambako mlinzi alimwambia arudi Jumatatu. Shabiki wa mpira alikuja na mkewe, akasikilizishwa, akaapa kwamba sauti ile haijui, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo, kwa kuwa fundi aliripoti kwamba mashine ya zamani ilikuwa imejaa, Bosi alikiuzia kituo mashine mpya ya adabu, yenye uwezo mkubwa zaidi, pamoja na mkataba wa matengenezo ya kila mwaka. Hakuona kama mambo hayo mawili yanagongana. Alikuwa na wafanyakazi, na wafanyakazi wana watoto. Katalogi alikwenda mwenyewe kuifunga na kumfundisha mtayarishaji.

Mama Mapazia alikubali mwishoni mwa wiki ya pili. Alikuwa sokoni, mama mmoja wa zile nyumba za chini akahamisha kapu lake ili lisigusane na la kwake. Alirudi akamwambia binti, "Haya, tupige."

Walipiga simu kituoni kutoka mezani kwa Shangazi, ambaye aliweka redio dirishani na kuwanyamazisha wote, hata wale ambao hawakuwa wanaongea. Mtangazaji akasema yuko na msikilizaji mwingine kwenye laini, karibu sana, tuambie unapiga kutoka wapi. Mama Mapazia akaegesha mdomo wa chupa kwenye kipokezi, akafungua kizibo chote. Maneno yaliingia bila kumwagika hata moja, yakiijua njia.

Walisubiri. Redioni palikuwa na ukimya kidogo. Kisha muziki.

"Samahani wasikilizaji, simu imekatika," alisema mtangazaji. Likafuata tangazo: kipindi hiki kimeletwa kwenu na machimbo ya kokoto, wajenzi wa kesho yenu.

Katalogi alikuwa amesimama mlangoni. "Nilimwambia mtayarishaji asisite," alisema, bila kuulizwa. "Ndivyo tunavyofundisha. Ukisita, linapita." Akaweka kitabu chake cha bidhaa juu ya meza ya Shangazi akatoka nje, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona mikono mitupu.

Mama Mapazia aliinamisha chupa akaweka sikio. Ilikuwa baridi. "Nimempoteza mara ya pili," alisema. Binti alitaka kwenda kituoni kuvunja kitu, chochote kile. Shangazi alimshika kiuno mpaka akaishiwa nguvu.

Mwaka ulikwisha kama miaka inavyokwisha. Mama Mapazia alishona mapazia ya studio tatu na kanisa moja. Machimbo yalihamia upande wa pili wa kilima, na dereva mwingine. Muda wa matengenezo ulipofika, Katalogi alileta mashine mpya karakana, na safari hii hakumharakisha mtu. Fundi alimwita Mama Mapazia, akafunga dirisha, akazima feni. Betri hakuitoa. Alifungua kifuniko kwanza, akijua anachofanya.

Yalitoka ya juu, yakatoka ya katikati. Kisha dereva wa tingatinga akauliza kama anasikika.

Sauti ilikuwa nzima. Ilikuwa karibu, imejaa, ya mtu aliyetoka kunawa uso. Nyuma yake palisikika injini ya tingatinga ikinguruma bila kwenda popote, na kabla ya neno la mwisho palikuwa na kikohozi ambacho mara ya kwanza hakuna aliyekisikia.

"Kikohozi chake hicho," alisema Mama Mapazia, akicheka na kulia. "Nilimwambia aende hospitali. Hasikii, huyu!"

Fundi alikinga chupa akafunga. Alijikuna shingo kwa bisibisi. "Yanayokwenda hewani yanasambaa yanaisha," alisema. "Yakikatwa, yanakaa. Na yakikatwa upya yanatoka mabichi."

Basi ikawa ndiyo desturi. Yakikaribia kupoa kabisa, walipiga simu kituoni kutoka mezani kwa Shangazi, kituo kikakata, mashine ikaletwa kwenye matengenezo, Mama Mapazia akaja na chupa yake. Hapo katikati alimfungua mumewe siku chache alizozichagua yeye, akashona, akaonekana amenenepa kidogo. Shangazi alimnunulia kizibo kipya. Hakuna pale ofisini aliyeliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko mengine. Mahali penyewe waliuza minara inayoongea na watu wasioonekana.

Binti tu ndiye hakuzoea. Kila mwaka aliposhika simu alikuwa na tumaini jipya, na kila mwaka muziki ulipoanza alikunja ngumi. Alitaka yapite. Alitaka yule mama wa kapu asikie, na wenzake wa shule, na wenye machimbo. Mwaka mmoja alifika karakana akimetameta macho: kituo kimepata mtayarishaji mpya, dada mdogo tu, mwenye msimamo, watu wanasema hana woga.

"Mwaka huu yatapita, mama."

"Inshallah," alisema mama.

Wiki ile alishona vibaya. Alifumua pindo lilelile mara mbili, akajichoma sindano, akamjibu Katalogi kwa ukali naye alikuwa amemsalimia tu. Siku ya kupiga simu, wakiwa njiani, alimshika binti mkono.

"Nikuambie kitu usinikasirikie. Nataka yapite. Baba yako asafishwe, watu wajue. Lakini nikiwaza kwamba kweli yatapita, natamani tugeuze turudi nyumbani."

Binti hakukasirika. Aliendelea kutembea, mkono wa mama ndani ya mkono wake.

Shangazi aliweka redio dirishani. Fundi alikuja akasimama nyuma. Mtangazaji akamkaribisha msikilizaji. Mama alifungua kizibo, maneno yakaingia kwenye simu, wakasubiri.

"Haloo?" ilisema redio. "Mnanisikia?"

Ilikuwa sauti yake, dirishani, na dirisha la ofisi ya bima nalo lilikuwa na redio, na duka la ng'ambo ya barabara, na gari lililokuwa limesimama pale. Yote yaliuliza swali hilo kwa pamoja. Mama Mapazia alibana mkono wa binti mpaka ukaacha alama. Binti alikuwa ameinuka kwenye kiti, mdomo wazi.

Kisha muziki. Samahani wasikilizaji, simu imekatika. Wajenzi wa kesho yenu.

"Wamekata," alisema Mama Mapazia. Pumzi ilimtoka yote. Akacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyetoka kuambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri, halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

Binti alimgeukia. "Umefurahi."

"Nimefurahi, mwanangu. Nisamehe. Nimefurahi na naona aibu."

Binti aliweka kichwa juu ya meza ya Shangazi akalia, na mama akampapasa mgongo. Shangazi alikaa karibu na simu siku nzima mpaka wakati wa kufunga ofisi, hakwenda hata kula, akifikiri huenda kuna mtu mjini atakayepiga kuuliza yule aliyesema haloo alikuwa nani. Walipiga watu wawili, wote wakiulizia bei ya spika.

Mashine ilipoletwa kwenye matengenezo, dereva alianza moja kwa moja na kazi yake: mimi ni dereva wa tingatinga. Yale maneno mawili matatu ya mwanzo hayakuwamo tena. Fundi alitafuta kwenye kona zote kwa brashi laini, kwa ajili ya kujiridhisha tu, akatikisa kichwa. Mama Mapazia alisema haidhuru, mengi yamebaki.

Jioni aliiweka chupa mezani. Binti alikuja kutoka kazini, akavua viatu, akakaa mkabala naye, kisha akanyoosha mkono akagusa chupa kuona kama ina moto. Ilikuwa ya moto. Mama alikuwa ameacha kazi katikati, pazia la studio mpya ya kituo kikubwa, zito kuliko yote aliyowahi kushona, kitambaa cha kuzuia sauti ya nje isiingie. Kabla ya kufungua kizibo, aliinuka akazima cherehani.